Waya Mwekundu

(Mazungumzo na mafundi wa kusubu, yaani wa kumimina metali iliyoyeyuka, na wanafunzi wa ufundi, Tanga)

Wazee wangu, dada na kaka zangu mafundi, na nyinyi vijana mlioacha mpira wa jioni kuja kunisikiliza: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Aliyebaki bila salamu anisamehe, nitamsalimu mlangoni.

Nilipomwambia mke wangu naitwa Tanga kuzungumzia sensa za kwenye matanuru, akaniuliza, "Sensa tena? Si tulishahesabiwa 2022?" Kwa hiyo leo nitasema kihisi, yaani kile kifaa cha kupima, ingawa karakana nzima inasema sensa, tusije tukaanza kuhesabiana humu ndani.

Mmepita pale uwani mkaona chungu juu ya moto wa mkaa, na kijana mmoja anazungusha feni. Ndani ya chungu kile kuna alumini, na ndani ya alumini tumechomeka themokapo tatu, vihisi vya joto vya waya. Nilipoingia humu ya kwanza ilikuwa inasoma nyuzi 702, ya pili 688, ya tatu 719. Chungu ni kimoja, moto ni mmoja. Nimewaomba waendelee kuchochea. Tutarudi kwa hao watatu.

Mji huu haujaanza leo kuishi na moto mkali. Nendeni Tongoni, barabara ya Pangani, mtazame yale magofu ya msikiti na makaburi: mawe ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa, na chokaa ile ilichomwa. Jiwe la chokaa halikubali kugeuka mpaka lifike kwenye nyuzi 900 hivi, na waliolichoma hawakuwa na saa wala kipimo. Walikuwa na magogo, upepo na macho. Leo Pongwe saruji inaokwa kwenye nyuzi 1,450, na Ngamiani kwenye zile barabara zetu za namba mtu anayeyusha mabaki ya alumini asubuhi, jioni anauza sufuria. Juu kule Upareni Washana walikuwa ukoo wa wahunzi tangu kale, wakifua chuma kwa mivukuto ya ngozi. Hawa wote walikuwa na vihisi. Vilikuwa usoni mwao.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1856 Bessemer, Mwingereza, alipoonyesha namna ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kaboni iungue, kazi ya kujua lini pa kuacha ilibaki kwa mtu mwenye jicho. Ndimi za moto mdomoni mwa tanuru zinakuwa kubwa na nyeupe, kisha ghafla zinaanguka. Zikianguka, kaboni imekwisha, acha. Ukichelewa, unachoma chuma chenyewe. Jicho lile lilikuwa mali.

Lakini nisiwadanganye kwa kulisifu jicho. Mzee aliyenifundisha kusubu, Mungu amrehemu, alikuwa akichungulia chungu na kusema "bado kidogo", na ikawa bado kidogo kweli. Miaka yake ya mwisho kazini alianza kukosea. Tukadhani ni uzee wa akili. Hapana, ilikuwa mtoto wa jicho. Mng'ao wa joto wa matanuru, ukiupokea miaka mingi bila miwani ya kukinga, unatia ukungu kwenye lenzi ya jicho. Ni ugonjwa uliojulikana zamani kwa wafua vioo na wayeyushaji. Kwa hiyo kihisi chake kilikuwa kimehama polepole, na hakuna aliyekikagua. Kumbukeni neno hilo, kuhama, maana themokapo nazo zinahama vilevile.

Sasa themokapo ni kitu gani? Waya mbili za metali tofauti zimeungwa ncha. Ukipasha ncha ile, upande wa pili ukiwa na ubaridi, kunatokea umeme mdogo. Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821. Aina ya K, ambayo ndiyo wengi mnayo, inatoa takriban maikrovolti 41, yaani sehemu 41 za volti iliyogawanywa mara milioni, kwa kila nyuzi moja. Kwenye nyuzi 720 unapata karibu milivolti 30, sehemu ya 50 ya betri ya tochi. Kamnong'ono hako ndiko kanakowasha na kuzima tanuru zima. Na kanapima tofauti ya joto kati ya ncha na mwisho mwingine wa waya. Hakapimi joto la ncha peke yake. Hapo ndipo shida yote ilipo, na hapo ndipo niliposhikwa mimi.

Niliitwa kwenye kiwanda kimoja kidogo cha kusubu alumini, jina tuliache. Wanatengeneza vifuniko vya pampu. Vifuniko vikichongwa kwenye mashine vinatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Kila aliyekuja kabla yangu alisema mabaki ni machafu. Wakaosha mabaki, wakayakausha, wakabadili mchanga wa kalibu, ule wa kumiminia. Vitundu viko palepale. Paneli ya tanuru inaonyesha nyuzi 720 asubuhi, 720 mchana, 720 usiku, imetulia kama maji ya mtungini. Nami kwa ujinga wangu wa siku ya kwanza nikaandika kwenye daftari: joto ni sawa.

Siku ya tatu binti mmoja wa zamu ya usiku, anayepanga vifuniko vilivyokataliwa, akaniambia, "Fundi, sisi tukiona kiyoyozi cha ofisi kimeharibika tunafurahi. Siku hizo vitundu vinapungua." Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaenda kufungua kile kisanduku cha chuma kilicho juu ya themokapo, kwenye mfuniko wa tanuru.

Kutoka kisandukuni hadi paneli kulikuwa na waya maalumu wa aina ya K, wa Kimarekani: mmoja wa njano, mmoja mwekundu. Fundi umeme aliyeufunga ni fundi mzuri tu. Kwake yeye, kama kwa mtu yeyote aliyewahi kufunga betri ya gari, mwekundu ni chanya. Kwenye waya za themokapo za Kimarekani mwekundu ni hasi. Aligeuza pale juu, akageuza na kwenye paneli, kwa hiyo namba ikapanda joto likipanda, ikashuka likishuka, kila mtu akaridhika.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kisanduku juu ya tanuru kilikuwa na nyuzi 65. Chumba cha paneli, kwa baraka ya kiyoyozi, nyuzi 25. Tofauti ni 40. Waya ukigeuzwa pande zote mbili, unapoteza tofauti hiyo mara mbili, yaani 80. Paneli ikisema 720, alumini iko 800. Kiyoyozi kikiharibika, chumba kinapanda hadi 35, tofauti inakuwa 30, kosa linakuwa 60, na tanuru linashuka lenyewe hadi 780 huku namba haijatikisika. Ndiyo maana binti yule alikuwa akifurahi. Alumini ikizidi joto inakunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga wakati wa masika mnaijua, shuka haikauki kwenye kamba. Ikiganda inaitema ile haidrojeni, na kila mtemo ni kitundu.

Nilibadili nyaya mbili. Kazi ya dakika kumi, baada ya miezi ya kuosha mabaki. Na kama huna kitabu cha rangi, maana Wazungu wana zao za kijani na nyeupe na Waingereza wa zamani walikuwa na zao tena, beba sumaku mfukoni: kwenye aina ya K waya hasi ndio unaovutwa na sumaku. Jambo hilo limeniokoa mara nyingi kuliko kompyuta.

Wengine, ili kuokoa shilingi, wanaunga kwa waya wa kawaida wa shaba. Kosa linakuwa nusu ya lile. Bado ni kosa, na ni baya zaidi kwa kuwa halishtui mtu.

Nimekaa hapo kwa muda kwa makusudi. Vijana mnapoambiwa habari za kuongoza tanuru kwa data, akili inakimbilia skrini na michoro. Swali langu mimi ni dogo: hiyo namba imesimama wapi? Ncha iko ndani ya metali, au ndani ya ukuta, au juu kwenye gesi? Mwisho wake mwingine uko wapi, na ni joto kiasi gani pale? Kuna pairomita, ile bastola inayosoma mng'ao bila kugusa. Nzuri sana. Lakini kila uso una tabia yake ya kutoa mng'ao. Chuma safi kilichoyeyuka kinatoa mng'ao hafifu. Mavi ya chuma, samahani kwa wageni, ndilo jina la ule uchafu unaoelea juu yake, yanatoa mkali. Ukiipanga bastola kwa ajili ya chuma safi ukaipiga juu ya mavi, inakusomea joto ambalo halipo. Unamimina ukijua umefika, kumbe chuma kinagandia njiani kabla kalibu haijajaa.

Kwenye chuma cha pua ndiyo kabisa, huwezi kuacha themokapo ndani. Nyuzi 1,600 na zaidi zinakula kila kitu. Wenye viwanda wanatumia fimbo yenye bomba la karatasi nene na kincha cha platini ndani ya kibomba cha kwatsi: unachovya, unasubiri sekunde chache, umepata namba, kincha kimekufa, unaweka kingine. Kwenye ncha kama hizo wanapachika na kipande cha zirkonia, aina ya kauri, kupima oksijeni iliyoyeyuka ndani ya chuma. Mafundi gari mliopo hapa, mnaijua zirkonia msiseme hamuijui: ndiyo iliyomo kwenye kile kihisi cha oksijeni cha bomba la moshi ambacho mteja akiambiwa bei anasema kitoe tu, gari litaenda hivyohivyo.

Haya. Tuseme namba ni ya kweli. Utafanya nayo nini?

Hapa nawapeleka bandarini. Aliyewahi kushika usukani wa jahazi lenye shehena anajua: ukisukuma usukani, chombo kinakusikia baada ya muda. Mgeni anasukuma, haoni kitu, anasukuma tena, na chombo kikianza kugeuka hakisimami, anarudisha kwa hofu, kinapitiliza upande wa pili. Wanaotazama ufukweni wanadhani nahodha amelewa. Mwaka 1922 mhandisi mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, akifanya kazi na jeshi la majini la Marekani, alieleza kwa hesabu anachofanya mshika usukani hodari. Mtu huyo hatazami tu amekosea nyuzi ngapi sasa hivi. Anakumbuka pia kosa lililojikusanya, kwamba mkondo umekuwa ukimsukuma upande mmoja tangu asubuhi. Na anahisi kasi ya kugeuka, akianza kurudisha usukani kabla chombo hakijanyooka. Vitu vitatu. Walivijaribu kwenye manowari New Mexico. Kile kidhibiti mnachonunua leo, kidogo kama paketi ya sigara, chenye namba nyekundu na kijani, ndani yake kuna huyo mshika usukani. Zile herufi tatu mnazozikuta kwenye menyu, P, I na D, ni hayo mambo matatu. Mkiziacha kama zilivyotoka kiwandani, mmempa usukani mtu asiyekijua chombo chenu.

Na kuna matanuru ambayo ni meli kubwa kweli. Kwenye tanuru refu la kuyeyushia mawe ya chuma, mzigo unaoingizwa juu unashuka saa 6 hadi 8 kabla haujafika chini. Ukiongeza makaa sasa, jibu lake utalikuta zamu ijayo. Wasimamizi wa zamani walikuwa na ugomvi wa kila siku: wa usiku anaongeza, wa asubuhi anakuta joto limezidi, anapunguza, wa jioni anakuta baridi. Kila mmoja anasahihisha dhambi ya mwenzake. Siku hizi kompyuta inachukua gesi inayotoka juu, joto la kuta, joto la maji ya kupozea, inakisia joto la chini litakuwaje saa kadhaa zijazo, na inamwambia mtu wa zamu, mara nyingi, asiguse kitu.

Lakini ukiniuliza ni wapi nilipovutiwa kuliko kote, nitasema ni kwenye alumini mpya, ile ya kutolewa kwenye madini. Majirani zetu Msumbiji walianza kuiyeyusha Mozal, karibu na Maputo, mwaka 2000. Njia ni ileile ya mwaka 1886 ya Hall na Héroult: unga wa alumina, yaani alumini iliyoshikana na oksijeni, unayeyushwa ndani ya chumvi ya kryoliti kwenye nyuzi 960 hivi, umeme unapita, alumini inatua chini. Chumvi ile inakula themokapo kama mchwa anavyokula mlango. Huwezi kukaa na kihisi ndani kupima alumina imebaki kiasi gani. Ikipungua mno, volti inaruka ghafla kutoka 4 na kitu hadi makumi, umeme unapotea na gesi mbaya inatoka. Ikizidi, inatuama chini kama ugali ulioshika sufuria. Sasa wanapimaje? Wanapima kitu kimoja tu kinachoweza kupimwa kwa nje: volti na mkondo, yaani ukinzani, jinsi tanuru linavyouzuia umeme. Kisha wanalifanyia tanuru hila. Wanalinyima alumina kidogo, kwa makusudi, na kutazama ukinzani unapanda kwa mwendo gani. Ukipanda haraka, njaa imekaribia. Wanalishibisha kupita kiasi kidogo, kisha wananyima tena. Mchana na usiku, nyima, shibisha, sikiliza. Mama anayemjua mtoto wake kwa kilio hahitaji kumpasua tumbo kujua kama ameshiba.

Na sisi tuna la kwetu linalotusubiri. Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kimechanganyika na metali nyingine mbili, titani na vanadi. Vanadi ni utajiri. Titani ndani ya tanuru la makaa ni mgeni mwenye masharti: joto likizidi inatengeneza chembe ngumu zinazofanya mavi ya chuma yawe mazito, hayatoki, tanuru linavimbiwa. Likipungua, nalo linaganda. Kuna wayeyushaji huko nje wanaotia titani kidogo kwa makusudi ili chembe hizo zizibe sakafu iliyochakaa, lakini hiyo ni dawa ya kijiko, si chakula cha kila siku. Nafasi kati ya kuzidi na kupungua ni nyembamba, na kwenye mlango mwembamba hupiti kwa kukisia. Vijana wa ufundi mnaoniangalia hapa, wengine wenu mtakuja kushika zamu kwenye mawe hayo.

Neno moja kuhusu maji, kwa ninyi wenye matanuru ya umeme ya koili. Koili ile inapozwa na maji, na kati ya maji na chuma cha nyuzi 1,500 kuna ukuta wa udongo tu, ambao unaliwa kila siku. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700. Yakiwa chini ya chuma kilichoyeyuka, huo si mvuke, ni bomu. Kipimo cha umeme unaovuja kwenda ardhini na kipimo cha maji yanayoingia na kutoka, hivyo viwili vikilia usiku, usimwamshe bosi kumuuliza. Zima, ondoa watu. Nimeona mahali wamefunga king'ora kwa tambara kwa sababu kilikuwa kinasumbua usingizi.

Kisha mtaniuliza habari za akili mnemba. Wapo wauzaji wanaokuja na kompyuta mpakato, wanafunga, wanapiga picha, wanaondoka na basi la jioni. Watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo; hao ndio wenyewe. Mimi siipingi. Programu inayojifunza kutoka kwenye mayeyusho 2,000 ya nyuma inaweza kuona jambo ambalo mimi sitaliona. Ila yale mayeyusho 2,000 yawe yameandikwa! Kile kiwanda cha vitundu kilikuwa na data ya mwaka mzima, safi, kila dakika: 720, 720, 720. Ungeilisha programu yoyote duniani, ingekuambia joto halihusiki na vitundu. Jibu lilikuwa kwa binti wa zamu ya usiku, na hakuna mtu aliyempa daftari la kuandikia. Nunueni daftari kwanza. Andikeni uzito, mabaki yametoka wapi, joto la kumimina, saa, hali ya hewa, vilivyokataliwa na kwa nini. Na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi au la.

Naona kijana wa feni ananipungia mkono mlangoni, alumini imeshaiva. Sasa tutoke. Mwenye kandambili abaki kwenye kibaraza, sitanii, na msimame upande unakotoka upepo.

Alumini iliyo chunguni ni ya nyaya za umeme, karibu safi tupu. Imenunuliwa kwa risiti, si ile inayokatwa nguzoni usiku. Tutaondoa chungu motoni tukiache kipoe taratibu, na vijana watatu wataandika namba kila sekunde kumi, kila mmoja na themokapo yake. Zote zitashuka. Halafu alumini itakapoanza kuganda namba zitasimama, zitakaa pale dakika kadhaa kama zimekataa kuteremka, kwa kuwa metali inayoganda inatoa joto lake la ndani mpaka imalize. Alumini safi inasimama kwenye nyuzi 660. Haijui bei ya themokapo wala imetoka nchi gani. Kwa hiyo itakayosimama 660, au nyuzi mbili chini kwa uchafu kidogo, hiyo tutaiamini. Zile nyingine mbili tutaziandika kwa kalamu ya rangi zimekosea ngapi, kisha tutafungua vichwa vyao tuone nani aligeuza nyaya.

Nani ana sumaku?